Ngozi si Barua

Ngozi si barua. Vijana, mmeisikia methali hii na mnataka kujua imetoka wapi. Ilianza hivi.

Katika kambi moja ya mkonge, upande wa Tanga, aliishi mama wa Kimakonde aitwaye Atanasia. Binti yake wa miaka minne, Editruda, alikuwa akihema upesi upesi na hata uji hautaki. Atanasia akambeba mgongoni mpaka hospitali ya shamba.

Wauguzi walikuwa wawili. Perpetua alikuwa Mwafrika mwenzake. Zarina alikuwa Mhindi. Atanasia akapanga foleni kwa Perpetua. "Wahindi wana watu wao," aliwaza. "Yule atanirushia vidonge kama anarushia kuku mtama."

Perpetua akamtupia mtoto jicho moja. Kitabu alichosomea kilisema asiye na damu hupauka uso, na picha zake zote zilikuwa za Wazungu. Uso wa Editruda ulikuwa mweusi ti.

"Hajapauka. Mafua tu haya," alisema. "Nyinyi wa kambini mnapenda mno kulazwa! Haya mama, nyumbani."

Atanasia akaridhika, kwa kuwa mwenzake kasema. Alipofika mlangoni, Zarina akasimama mbele yake.

"Mama, subiri. Sipendi anavyohema huyu mtoto."

Atanasia akamkumbatia mwanawe. "Unamtakia nini? Tumeshahudumiwa."

"Nimtazame kiganja tu."

"Kiganja! Hospitali imeanza kupiga ramli?"

Watu wa foleni wakacheka. Zarina hakucheka wala hakununa. Alichuchumaa vumbini na sare yake nyeupe, akaweka mikono yake nyuma.

"Simgusi, mama. Mtazame mwenyewe. Weka kiganja chake kando ya chako."

Atanasia alimkazia macho akitafuta hila. Hakuiona. Akakifungua kiganja cha mtoto, akakiweka kando ya chake. Chake kilikuwa na wekundu. Cha mtoto kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo.

"Mama yangu! Damu ya mwanangu imekwenda wapi?"

"Malaria imeila. Mtazame na ndani ya kope."

Perpetua akaja, akatazama, akaondoka mbio kumwita daktari. Siku ile ile Editruda akaongezwa damu, nayo ilitoka kwa mama yake.

Mtoto alipotulia, Perpetua alimwambia Zarina kwa sauti ndogo, "Kitabuni haimo hii."

"Haimo," alijibu Zarina. "Mimi nilichelewa kuijua. Mtoto wa Kizigua alinifia mikononi."

Baada ya wiki mbili Atanasia alikuwa bombani kambini. Wanawake wakamzunguka. "Eti aliyekuponyea mwana ni wetu au ni wao?"

Atanasia akaitua ndoo.

"Mmoja nilimtazama ngozi nikamwamini. Wa pili nilimtazama ngozi nikamkimbia. Na mwanangu naye akatazamwa ngozi, nusura nimzike. Jamani, ngozi si barua."