Moshi Katika Pango la Kwembago

Hapo zamani, si zamani ya mbali sana, milimani palikuwa na mtu akiitwa Shemweta. Miaka ishirini na saba aliingia Pango la Kwembago na kamba, karabai na daftari. Alitambaa kwa tumbo mahali ambapo mbwa angerudi nyuma. Alichora kila chumba, akahesabu popo kwa maelfu.

Lakini watu waliingia kuvunja mawe yanayoning'inia darini, ili wakapambie nyumba zao. Shemweta akawasihi, wasisikie. Akawasihi tena, wakamcheka. Siku moja akasema, "Popo wale wana homa inayoua, na haina dawa. Atakayeingia asinilaumu."

Watu wakaogopa. Pango likatulia.

Mkewe, Mwanaidi, akamwuliza chemba, "Homa gani hiyo? Wewe unashinda humo, hata mafua huugui."

"Nyamaza, mke wangu. Serikali ikishalilinda pango, nitasema kweli."

Mwanaidi akamwahidi kutosema.

Mwaka wa tatu tangu aseme hivyo, jirani yao Mkunde akafiwa na mwanawe wa pekee. Homa ya siku nne tu. Shemweta alibeba jeneza, akafukia kaburi, kisha akaenda wilayani kufuatilia karatasi ya hifadhi.

Huku nyuma Mkunde akaja kwa Mwanaidi. "Dada, ni kweli popo wana homa?"

Mwanaidi akatazama chini. "Mume wangu ndiye alijuaye pango."

Mkunde akaondoka. Mchana huohuo akajaza kuni mbichi kwenye mdomo wa pango, akamwaga pilipili kavu juu yake, akawasha.

Shemweta alirudi na karatasi yenye mhuri. Alinusa moshi kabla hajafika. Akawasha karabai, akaingia, akakanyaga kitu laini. Akainamisha taa. Popo! Sakafu nzima popo, majike wamekufa wamewakumbatia watoto wao. Aliita, asijue anamwita nani. Hakuna ubawa uliojibu. Akatoka akitambaa, naye mwenye miguu mizima.

Nje watu walikwisha kusanyika.

"Ni mimi," Mkunde akasema. "Ulisema wanaua. Mwanangu aliokota popo aliyeanguka, jioni yake akashikwa na homa. Zahanati wakanipa vidonge vya malaria. Sikumpa. Kwa nini nimtese na uchungu wa vidonge, wakati ulisema homa ya popo haina dawa?"

Karatasi ikamponyoka Shemweta. "Mkunde, homa hiyo haipo. Niliitunga kuokoa pango."

Mkunde akamkodolea macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Ulibeba jeneza lake ukijua?"

"Sikujua habari ya vidonge! Wallahi sikujua!"

Mwanaidi akaketi chini, kanga usoni. "Mimi niliulizwa mlangoni kwangu. Neno moja tu lingewaokoa popo. Lakini nilikuwa nimempa mume wangu ahadi."

Hakuna aliyenyanyua mkono, hakuna aliyeondoka. Mtoto yuko kaburini, pango limekuwa kimya.

Nanyi mliosikiliza, msiangaliane, nijibuni: yule aliyedanganya kwa kulipenda pango, yule aliyenyamaza kwa kutunza ahadi, na yule aliyeamini akawasha moto, je, nani mwenye kosa kubwa zaidi?