Siri ya Ndevu za Mzee Shekuwe

Ti! Ti! Simu ililia usiku wa manane nikashtuka, mtoto naye akaamka, kumbe ni grupu la mtaa: "Mzee Shekuwe anapaka ndevu piko kuficha mvi!" Kila aliyeulizwa alijibu kwamba naye ametumiwa tu.

Asubuhi Mzee Shekuwe, mwenye nyumba wetu, alinigongea. "Wewe ndiye uliyeniona uani nikijipaka. Fungasha, utoke kwangu leo hii!"

Niende wapi na mtoto mchanga, na baba yake yuko safarini? Nikasema, "Mzee wangu, labda kuna mwingine uliyemwambia."

"Mimi? Mimi nina kifua!"

"Basi nivumilie mpaka jioni, nikutafutie aliyesema. Halafu mzee, usinicheke, nina siri yangu: mimi naogopa kuku."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akaenda zake.

Alasiri nilipotoka kwenda bombani, watoto walinifuata wakiwika na kupiga mbawa. Kwenye grupu ndiyo usiseme. Nikamkimbilia mzee barazani.

"Mkeo nilimwambia naogopa paka. Jirani yangu Mama Tunu nilimwambia naogopa chura. Kuku nilikuambia wewe peke yako, na wala siwaogopi."

"Lakini nilimwambia kinyozi tu, naye ana kifua!"

"Na ile ya ndevu, je?"

Mzee alizishika ndevu zake, akaangalia huku na huku. Kisha akanong'ona, "Kaa chumbani kwako, mwanangu. Ila watu wasijue kwamba ni mimi."

"Haki ya Mungu, mzee, sitamwambia mtu mwingine," nikasema, "hata kinyozi."