Geti Kubwa la Mzee Kobelo

"Dalali wa nyumba ni aliyehama." Methali hii msiende kuitafuta kwa wahenga wa kale. Ilianzia hapa hapa Morogoro, kwenye jengo la kupangisha, na mimi ninayekaa mbele yenu ndiye niliyekuwa dalali wa mtaa ule. Kwa hiyo, Tunu, acha kununa. Bibi yako hakukutukana. Umeingia hapa unafoka kwamba Festo, kijana uliyemfundisha kutengeneza simu, anaondoka leo kwa basi kwenda kufungua kibanda chake, na kwamba utamzuilia bisibisi na begi lake mpaka akome. Bibi yako akachungulia kutoka jikoni, akasema maneno hayo, akarudi kwenye mboga zake. Wewe na kaka yako Kheri mkanitolea macho mimi, kana kwamba ndiye niliyesema. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mtu aitwaye Mzee Kobelo, Mluguru wa milimani, aliyeanza maisha kwa kuteremsha kabeji na karoti mjini. Akanunua lori, lori likaleta lori la pili, na mwishowe akajenga jengo la ghorofa tatu lenye fleti za kupangisha. Siku hizo wengi wetu tulipanga chumba kimoja, choo tukichangia na nyumba nzima, kwa hiyo fleti yenye jiko na bafu lake ndani ilikuwa habari ya mjini. Mkewe ndiye aliyewapikia mafundi tangu msingi mpaka bati la mwisho, akibeba sufuria la ugali kichwani kila mchana. Hakumwona hata mpangaji wa kwanza. Alifariki rangi ya kuta ikiwa bado mbichi.

Mzee akabaki na mabinti watatu. Mkubwa, Zamda, ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo. Alitembeza wageni, aliita fundi bomba likivuja, na aliamua ugomvi wa kamba za kuanikia nguo, ambao nawaambieni ni mgumu kuliko kesi za mahakamani.

Sasa, Mzee Kobelo alijua kupokea watu. Jengo lilikuwa na geti kubwa la chuma la milango miwili, na kwenye mlango mmoja kulikatwa kijilango cha kupita mtu kwa miguu. Mpangaji mpya akifika na mizigo yake, geti lilifunguliwa lote, gari likaingia mpaka kwenye ngazi. Mzee mwenyewe alikunja mikono ya kanzu akashika godoro upande mmoja. Jioni pilau ikapanda kwa mgeni. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alikuwa akisema, na hakuwa akisema kwa mdomo tu.

Ila kuhama! Mpangaji akitoa notisi, mzee aliipokea kama talaka. Salamu zilikatika siku hiyo hiyo. Siku ya kuondoka, geti kubwa lilitiwa kufuli na ufunguo ukaingia mfukoni mwa mzee. "Anayeingia kwangu hupita geti kubwa," alisema. "Anayenikimbia atapita kijilango." Basi vitanda vikafunguliwa vipande vipande, friji zikalazwa ubavu, na gari likangoja nje barabarani huku majirani wakitazama. Na watu wenyewe walikuwa hawamkimbii. Huyu kahamishwa kazini, yule kamaliza kujenga kwake.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Semeni, msusi. Alikuwa na kabati la mninga alilopewa na baba yake siku ya harusi, na kabati la mninga halifunguliwi vipande. Zamda alimsihi baba yake atoe ufunguo. Mzee alikuwa amekaa barazani na redio yake, akaongeza sauti. Wapagazi wakalisukuma kabati kwenye kijilango, wakaligeuza hivi, wakaligeuza vile, na mguu mmoja ukavunjika. Mama Semeni hakupiga kelele. Aliuokota ule mguu, akaufunga kwenye khanga, akaondoka.

Baada ya hapo fleti ile ikakosa mtu. Ikafuata ya pili, kisha ghorofa ya juu nzima ikawa makazi ya njiwa. Mimi nilileta wateja mpaka viatu vikaisha soli. Walifungua bomba, maji yakatoka. Waligonga milango, ikaitika kwa sauti ya mbao nzuri. Wakasema, "Nimeipenda, nitarudi kesho." Kesho hiyo haikufika. Na dalali, wajukuu zangu, hali chakula mpaka mtu aingie.

Mzee akapaka rangi upya. "Kizuri chajiuza," akaniambia. Nikamwambia, "Mzee, hiki ni kizuri na kimekataa kujiuza." Hakucheka. Wiki ile ile alitutamkia Zamda na mimi kwamba amepata mtu anayetaka kulinunua jengo alifanye ghala la mahindi. Fleti zikiwa bado tupu masika yakianza, ataliuza, kuta zibomolewe.

Zamda alilia mbele yangu bila kujificha. "Mama ameacha mgongo wake kwenye zege lile," alisema. "Leo waje wamwage magunia jikoni alikokuwa anasema atapika siku moja?" Mimi nilikuwa kijana bado. Nilijua tu kwamba nilitaka aache kulia.

Siku chache baadaye nilimleta muuguzi mmoja, Sista Yustina. Aliipenda fleti ya kati, akapima dirisha kwa mikono yake kwa ajili ya pazia, akasema atarudi kesho. Kesho ikapita. Zamda alipokutana naye sokoni, hakumwacha.

"Dada, niambie kasoro ya nyumba yetu nirekebishe. Nakuomba."

"Nyumba haina kasoro, mdogo wangu," Sista Yustina akamjibu. "Nilikwenda kusuka kwa Mama Semeni, nikaliona kabati."

"Kabati?"

"Limesimama saluni kwake. Mguu mmoja ni matofali. Kila anayekaa kusukwa huuliza, naye hueleza. Wala haongezi chumvi. Anasema nyumba nzuri, maji yapo, binti wa mwenye nyumba ni mtu. Ila siku ya kutoka utatoka kama mwizi. Sasa mimi ni mtumishi wa serikali, mwakani naweza kupelekwa Kigoma. Nitatokaje mimi?"

Zamda alirudi nyumbani akatukuta mimi na baba yake tumekaa barazani. Hakuketi. Alimsalimu, kisha akanyoosha mkono.

"Baba, naomba ufunguo wa geti kubwa."

Uso wa mzee ukachangamka. "Tumepata mpangaji?"

"Hapana. Naomba usirudi tena mfukoni mwako siku mtu anapohama." Akamweleza habari za saluni na kabati, lote.

Mzee akawaka. "Nimempikia pilau! Nimebeba godoro lake kwa mikono hii! Kisha ananihama, na bado nimfungulie geti nimshangilie? Kosa langu liko wapi?"

"Hakukuhama wewe, baba. Alihama nyumba. Anayejenga atahama, mwalimu atahamishwa, mwanamke ataolewa." Akazidi kunyoosha mkono. "Na mimi siku nikiolewa, nitapita mlango gani?"

"Wewe ni mwanangu! Hilo nalo swali?"

"Lakini nitakuwa nahama. Nitakuwa na masanduku. Nitajie mlango mapema, nijiandae."

Mimi nilitazama kandambili zangu. Wakubwa walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na siku ile nilimwona muungwana akichutama. Mzee Kobelo alizima redio. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Geti lile lilipowekwa, mara ya kwanza kufunguliwa ilikuwa kumtoa mama yenu akiwa ndani ya jeneza. Nililifungua mwenyewe. Tangu siku ile sipendi kuliona linamfungukia mtu anayetoka. Anayeingia, sawa. Anayetoka, moyo wangu haukubali."

Zamda akaketi sasa, karibu naye. "Lakini mama tulimsindikiza, baba. Mtaa mzima ulimsindikiza mpaka mwisho. Hakuondoka kama mwizi. Na hawa tuwasindikize."

Mzee akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha bintiye. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Na mimi yalinitoka, ingawa nilisema ni vumbi.

Asubuhi mzee alikwenda saluni kwa Mama Semeni, akiwa na fundi seremala na kipande cha mninga. Nilifuatana nao, maana dalali hakosi penye habari. Saluni imejaa wanawake, huyu kasukwa nusu kichwa, yule nywele zimesimama wima. Mama Semeni akamwamkia kama inavyompasa mzee, naye mzee akaitikia.

"Mama Semeni," akasema, mbele ya wote, "nimekuja kwa ajili ya kabati. Na nimekuja na aibu yangu. Nilikukosea, nisamehe."

Mama Semeni akamwangalia, kitana mkononi. "Aibu iache hapo nje, mzee, hapa pamejaa. Kabati liko kule."

Wanawake wakacheka, mzee naye akacheka, na kucheka kwake kukamaliza ugomvi. Fundi akaweka mguu mpya. Ulikuwa mwekundu kuliko ile mitatu ya zamani, kwa hiyo wateja waliendelea kuuliza na Mama Semeni aliendelea kueleza. Tofauti ni kwamba sasa hadithi yake ilimalizikia kwa mzee mwenye kanzu aliyekuja kuomba radhi mbele ya watu.

Haikupita muda, mwalimu mmoja wa ghorofa ya chini akapata uhamisho wa Songea. Siku ya kuondoka alianza kufungua kitanda vipande, kama alivyoona wenzake. Zamda akamzuia. Geti kubwa likafunguliwa milango yote miwili, gari likaingia, na Mzee Kobelo akashika godoro upande mmoja. Amana aliyoweka mwalimu alipoingia ikarudishwa mkononi mwake bila mtu kwenda kuhesabu matundu ya misumari ukutani. Kisha wakamsindikiza mpaka barabara kuu. Yule mwalimu alikuwa haamini. Aliwapungia mkono mpaka gari likakata kona.

Na kabla ya masika watu wakaanza kuja. Sista Yustina alirudi na pazia lake likiwa limeshashonwa. Walimu wawili wakaja kwa neno la mwenzao wa Songea. Akaja mama aliyesukwa kwa Mama Semeni, akaja na dada wa huyo mama. Njiwa wa ghorofa ya juu wakatafuta kwingine. Yule aliyetaka kulifanya ghala akaambiwa asante, mahindi yatafute pa kulala.

Mimi, je? Mimi nilikasirika! Fleti zinajaa na sijaleta mtu hata mmoja. Nikaenda kwa Mzee nimevimba.

"Mzee, tuambiane ukweli. Umeleta dalali mwingine mtaani kwangu. Nitajie jina lake, tukayamalize."

Zamda alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mzee akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyepoteza ndala.

"Ni kweli yupo," akasema. "Dalali wa nyumba ni aliyehama."

"Anachukua ngapi huyo?" nikauliza, maana kichwa changu kilikuwa kwenye udalali tu.

"Anachukua kusindikizwa, basi."

Hapo ndipo methali ilipozaliwa. Niliibeba mimi mwenyewe kwa hasira, nikawalalamikia madalali wenzangu kijiweni. Wao wakaipeleka kwa wenye nyumba, wenye nyumba wakaipeleka kwa wake zao, na mpaka leo wasioijua Morogoro wanaisema.

Kheri, usisimame, sijamaliza. Udalali niliukosa, lakini pale kwa Mzee Kobelo sikutoka mikono mitupu. Mnadhani ni nyumba tu zilizokuwa zikinipeleka kule kila siku? Siku ya harusi, geti kubwa lilifunguliwa milango yote miwili. Mzee alikunja mikono ya kanzu akabeba sanduku la bintiye, akakataa kusaidiwa. Akatembea nasi mpaka barabara kuu, mtaa mzima nyuma yake, analia waziwazi na anacheka. Akamshika Zamda mkono akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ukatutaje kwa wema."

"Na niliwataja!" Hiyo ni sauti ya bibi yenu huko jikoni, mnamsikia? Anajifanya anapika, kumbe masikio yote yako huku. "Nimewataja mpaka wadogo zangu wawili wakaposwa mwaka ule ule!"

Ndiyo, Tunu. Zamda ni huyo huyo mwenye mwiko. Mbona unainuka na uji hujamaliza? Bisibisi za Festo ziko juu ya kabati, nimekuona ulipozificha. Chukua na hilo begi lake, umbebee mwenyewe mpaka kituoni, na ukifika usigeuke upesi. Ngoja gari likate kona. Kesho atakuwa na kibanda chake, na watu watamuuliza kazi kafundishwa na nani. Dalali wa nyumba ni aliyehama.