Kinyonga Aliyeomba Udongo

"Naja!"
"Njoo!"
"Naja na kisa cha kutisha!"
"Njoo nacho, tumeshikana mikono!"

Hapo zamani za kale palikuwa na Kinyonga jike aliyefugwa na binti aitwaye Mbeyu. Alikaa katika tenga safi lililotandikwa kitambaa. Mbeyu alimpenda sana. Asubuhi alimpa panzi, mchana panzi, jioni panzi.

Siku moja Kinyonga alihisi tumbo zito. Mayai! Dume hajamwona, lakini mayai yamejaa. Akakwaruza chini, akakuta kitambaa.

"Mbeyu, dada yangu, nipe udongo."

"Udongo? Utachafuka, mpenzi wangu! Kula panzi."

Akala. Mayai yakazidi.

Kesho yake Kuku alichungulia tengani, akacheka. "Ko ko ko! Tumbo hilo! Si utage tu? Mimi juzi nilitagia kitandani kwa mwenye nyumba, na fimbo nikala!"

Mbeyu akamsikiliza Kuku. Akatia majivu na nyasi kavu kwenye kapu kuukuu, kama atengenezewavyo kuku, akamweka Kinyonga humo. Kinyonga akakwaruza. Majivu yakaruka, kucha zikagonga ukili wa kapu.

"Mbeyu, dada yangu, nipe udongo."

"Jamani, huridhiki? Kapu zuri hivi, Kuku mwenyewe analitamani!"

Siku ya tatu Kinyonga hakugusa panzi. Macho yalididimia. Ukijani ulimtoka, akawa mweusi kama chungu. Aliogopa kulala, asije asiamke. Aliyaogopa mayai yake mwenyewe, yaliyombana tumboni kama mawe.

"Mbeyu, dada yangu..." Sauti ikakatika.

"Usife!" Mbeyu akalia. "Nikupe nini?"

Kinyonga akainua mguu mmoja, akakwaruza hewa. Hapo Mbeyu akakumbuka. Akambeba mbio hadi kwenye tuta la viazi lililolowa mvua.

Kinyonga akachimba. Akachimba, akachimba, akazama, ukabaki mkia. Mle gizani hakujua kama anachimba tundu la mayai au kaburi lake. Juu alimsikia Kuku: "Anajizika huyo!" Alimsikia Mbeyu akilia. Kisha yai la kwanza likatoka. La pili. La tatu. Hata hesabu ikampotea.

Jua lilipopinda alitoka, amekonda kama kijiti, lakini yu hai. Akayafukia mayai, akashindilia kwa miguu.

"Twende nyumbani," Mbeyu akasema.

"Kuna udongo?"

"Nitatia."

"Tia kwanza."

Tangu siku hiyo kinyonga haendi bila kusita. Anaweka mguu, anaurudisha, anauweka tena. Anapima kama chini kunachimbika.

Wanangu, kufuga ni kusikiliza. Ukimpa kiumbe unachopenda wewe, ukamnyima anachohitaji yeye, mapenzi yako yatamuua.

Kisa changu nimekifukia hapa. Atakayekifukua, aongeze na chake.