Ukungu Una Mwenyewe

Ukuta wa chumba cha Mwantumu uliota ukungu mweusi hadi mito ikanuka. Nyuma yake lilikuwa bafu la mwenye nyumba, Mzee Kiloko, na bomba la huko lilivuja. Mwantumu akamleta mjumbe wa mtaa.

"Bomba langu ni zima," alisema Mzee Kiloko. "Ukungu ni wa mpangaji. Anachemsha maharage kutwa."

"Kwa hiyo ni mali yangu, baba?"

"Yako. Siku ukihama, uondoke nao wote."

"Mjumbe amesikia. Basi nahama kesho."

Kesho yake Mzee Kiloko alikuwa anaoga, povu hadi masikioni, tofali likachomoka ukutani. Tunduni akachungulia Mwantumu na nyundo, mjumbe nyuma yake.

"Shikamoo, baba. Nachukua ukungu wangu. Umeingia mpaka ndani ya matofali."

Mzee Kiloko alijikinga kwa ndoo. "Acha, mwanangu. Ukungu ni wangu."

Mjumbe, aliyefumba macho kwa heshima, alisema masikio yake yako wazi.

"Basi sihami," alisema Mwantumu, akirudisha tofali. "Maliza kuoga, baba. Fundi bomba anakusubiri hapa nje."