Maji Yanangoja Jina

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mume na mke kutoka milima ya Upare. Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mume aliitwa Senzota Mgonja. Alikuwa gadi wa treni, mpuliza filimbi na mpepea bendera ya kijani, na katika maisha yake ya kazi alizipita stesheni zote bila kukaa hata moja. Mke aliitwa Nakijwa. Alikuwa opereta wa simu posta, enzi zile za kuunganisha watu kwa waya: ukiomba Tanga, anakupa Tanga. Masikio yake yalikuwa makali mno. Mtu akisema "hujambo" tu, Nakijwa alishajua kwamba huyo ametoka kulia.

Walipendana, wakazeeka, na hawakujaliwa mtoto. Hilo nalisema mara moja, lakini ninyi lishikeni, maana hadithi yote imening'inia hapo. Mtaani wenzake Nakijwa waliitwa Mama Eliya, Mama Zubeda, Mama Pacha. Yeye aliitwa Mama Mgonja, jina la mumewe, jina la kuazima. Kila alipoitwa aliitika, na kila alipoitika kitu kidogo kilimchoma moyoni.

Walipostaafu, Senzota akasema, "Mke wangu, nimesafirisha watu maisha yangu yote. Sasa na mimi nisafirishwe."

Wakachukua kiinua mgongo chao, wakaondoka. Walikwenda Zambezi, wakayaona maporomoko, Nakijwa akalowa chapachapa na kucheka kama msichana. Walikwenda Misri, wakauona mto Nile, Senzota akautazama kutwa nzima. Mwisho wakafika Omani, kwenye kijiji cha milimani, wageni wa Bi. Rayya binti Khalfan.

Bi. Rayya huyu alizaliwa Unguja, akaolewa Tanga, na alipofiwa na mumewe akamfuata mama yake, aliyekuwa amerudi kijijini kwao. Zamani, alipokuwa Tanga, Nakijwa ndiye aliyekuwa akimuunganishia simu. Walijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa sura, na walipokutana walikumbatiana, wakalia, wakachekana mvi.

"Ala! Kumbe mwembamba hivi!" alisema Bi. Rayya. "Mimi kwa sauti ile nilidhani una mwili, bibi wee!"

Bi. Rayya akawapeleka kuona falaji. Falaji ni mfereji wa kale, umechimbwa chini kwa chini ndani ya mlima mpaka yalipo maji, kisha ukayaleta nje. Juu ni jiwe tupu, hata jani hakuna. Chini, kwenye tundu jeusi, maji yanatoka, safi, kimya, hayana haraka. Mbele yake mitende imesimama kijani mpaka macho yanapoishia.

"Nani alichimba?" aliuliza Nakijwa.

"Hakuna anayejua, mwenzangu. Wachimbaji walisahauliwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Lakini maji hayajasahau njia."

Nakijwa alivua viatu bila kuambiwa. Aliogopa, na woga wake haukuwa wa kitu kibaya. Alijiona mdogo, mumewe mdogo, treni zote na simu zote ndogo, na moyo ukamjaa mpaka ikabidi akae chini. Palepale akasema, "Mzee, mimi hapa sitoki."

Ilikuwepo nyumba ya kale ya udongo, ya ghorofa moja, kuta nene, dari ya magogo ya mitende, mlango wa nakshi uliopauka. Uani palikuwa na birika kavu na mkomamanga uliokufa umesimama. Warithi wa nyumba walikuwa wanaishi mjini, hawaitaki. Senzota na Nakijwa wakainunua.

Sasa sikilizeni kosa lao, kosa ambalo Mpare peke yake angeweza kulifanya. Kwao kuna ndiva, bwawa la kukinga maji ya mlimani usiku, ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu. Mwenye shamba ana zamu yake. Maji hufuata ardhi, kama ndama na mama yake. Basi waliponunua nyumba, hawakuuliza maji. Na Bi. Rayya hakuwaambia, maana kwake lilikuwa jambo la kila mtoto kulijua. Nani humwambia mgeni kwamba usiku kuna giza?

Asubuhi ya kwanza Senzota akachukua jembe, akaenda mferejini, Nakijwa na Bi. Rayya nyuma yake. Akazuiwa na mgawa maji wa kijiji, Mzee Muhanna, mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache. Bi. Rayya akatafsiri.

"Anasema, mmenunua udongo. Maji yana wenyewe. Huku nyumba huuzwa kivyake, na maji huuzwa kivyake, na maji hakuna anayeyauza."

"Na nyumba hii ilikuwa inakunywa nini?"

"Ilikuwa na tawi lake, lina jicho lake la maji huko mlimani," alijibu Bi. Rayya mwenyewe. "Lilikufa mama yangu akiwa kigori. Walilitafuta wakachoka." Kisha Muhanna akaongeza neno, na Bi. Rayya akalitafsiri taratibu. "Anasema, desturi ya hapa ni hii. Anayefufua maji yaliyokufa, maji yale huitwa kwa jina lake. Kila asubuhi mgawa maji akiyafungua hulitaja jina hilo na kuliombea. Leo, kesho, mpaka Kiyama."

Nakijwa alisikia maneno hayo yakimwingia mpaka kwenye mifupa. Kila asubuhi. Jina. Alimtazama mumewe, akaona na yeye yamemwingia.

Wakaishi kwa maji ya kuomba, ndoo kwa ndoo. Siku moja mchana, joto limekaza, Nakijwa akajilaza kwenye sakafu tupu ya chumba cha nyuma, sikio chini. Akasikia. Mbali, nyuma ya udongo, nyuma ya miaka, kitu kinadondoka, kinadondoka.

"Mzee! Maji!"

Senzota akalala chini, akasikiliza, akainuka akijipangusa vumbi. "Ni damu yako mwenyewe inapiga sikioni."

"Nimesikiliza waya maisha yangu yote. Najua mtu akiwa hewani na akiwa amekata. Huyu hajakata."

Akatambaa nyumba nzima, chumba kwa chumba, sikio sakafuni, akichora mstari kwa mkaa. Majirani wakaja kuchungulia, wakacheka, wakaondoka. Mgeni amechanganyikiwa na jua, walisema. Mstari wa mkaa ukatoka chumba cha nyuma, ukapita chini ya ukuta, ukaelekea mlimani.

Senzota hakuamini. Aliutazama mstari ule, akamtazama mkewe na magoti yake yaliyochubuka, akashika sururu. Akachimba mpaka akalikuta tundu la kale, limejaa tope lililokauka likawa jiwe. Akaingia kwa tumbo. Akatoa tope kwa karai, akarudi, akatoa tena. Udongo ukamporomokea, Nakijwa na Bi. Rayya wakamvuta kwa miguu, akakohoa vumbi, akarudi tena. Nakijwa alikaa mdomoni mwa tundu ameshika kamba, na kila kamba ilipotulia aliitikisa kwa hofu mpaka ikajibu. Alimwambia aache. Alimwambia kwa kulia. Mzee akatoa kichwa, mweupe kwa vumbi, akasema, "Si uliniambia huyu hajakata?" Akarudi ndani.

Siku aliyolifikia jicho, maji yalimgusa vidole. Alilia peke yake mle gizani.

Lakini maji hayakufika nyumbani. Yalikuja kidogo, sakafu ya mfereji ikayanywa yote njiani. Muhanna akaja, akapiga magoti, akagusa. "Mfereji uliokufa una kiu," alisema, Bi. Rayya akitafsiri. "Unyweshwe kwanza, ulegee, ukandikwe udongo mbichi, ndipo nao utanywesha. Na utakunywa kiangazi kizima." Nani atatoa zamu yake kiangazi kizima, jua likichoma mawe? Wanakijiji wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na mitende yake.

Bi. Rayya akasema, "Chukueni yangu."

"Dada, mitende yako itakufa," alisema Nakijwa.

"N'najua."

"Ile aliyoipanda mama yako?"

"Ile ile. Hebu nyamaza, usinirejeshe nyuma."

Akaitoa zamu yake. Wiki baada ya wiki maji yake yalielekezwa kwenye mfereji mkavu, na wiki baada ya wiki makuti ya mitende ya mama yake yalipauka, yakainama, yakaanguka. Alikuwa akipita hapo asubuhi amejifunika uso kwa mtandio. Kiangazi kilipokwisha hapakuwa na mtende hata mmoja uliosimama hai, na mfereji ulikuwa umeshiba.

Ndipo maji yakaja. Yalijaa nyuma ya jiwe lililoziba mdomo wa mfereji, uani, juu ya birika. Kijiji kizima kikaingia. Wazee walioambiwa na wazee wao kwamba nyumba hii ilikuwa na maji waliweka viganja juu ya jiwe, wakahisi baridi yake.

Muhanna akaweka mkono juu ya jiwe. "Nipeni jina."

Watu watatu wakatazamana.

"Weka yote matatu," alisema Senzota.

"Hapana," alisema Muhanna. "Maji ya majina mawili yamewahi kuzaa koo mbili, na koo mbili zilimwagiana damu. Jina moja. Na desturi ni kwamba mwanamke wa nyumba ndiye hulitamka. Likishatoka halirudi."

Senzota akasema kwanza, na hakumtazama mkewe. "Mimi ni wa mwisho wa nyumba yetu. Ndiva ya babu yangu ilijaa tope nikiwa kwenye treni, nikipungia watu bendera. Hakuna atakayenitaja nikifa. Wewe ulisikia, mke wangu, lakini kusikia hakutoboi mlima. Sikuamini, na nikachimba. Bila mimi maji yangekuwa bado kule yanadondoka gizani."

Bi. Rayya akasema, "Mimi sikusikia, wala sikuchimba. Nyinyi mlipoteza nini? Mlikuja bila maji, leo mna maji. Mimi nilikuwa nayo. Binti zangu wako mjini, hawarudi. Mitende ile ndiyo iliyokuwa ikimtaja mama yangu, kila tunda lake. Nimeiua kwa mkono wangu. Bila ya mimi mfereji huu ni kaburi lililofukuliwa, basi. Nipeni jina, nami nitawapa la mama yangu."

Wakamgeukia Nakijwa. Naye alikuwa na lake, na alilisema polepole. "Walitafuta hapa watu wenye nguvu, wakachoka, kwa sababu hawakujua wapi. Mimi niliwaonyesha wapi. Mkanicheka. Na wewe mzee ulisema ni damu yangu. Bila sikio langu, sururu ingechimba nini? Zamu ingenywesha nini? Na mimi, tangu nizaliwe, sijaitwa mama wa mtu. Hata jina ninaloitikia si langu."

Mumewe aliinamisha kichwa. Bi. Rayya alifuta macho kwa mtandio. Muhanna alingoja, mkono juu ya jiwe, na nyuma ya jiwe maji yalikuwa yakigonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nakijwa alipiga magoti, akaweka sikio juu ya jiwe lile baridi. Maisha yake yote alikuwa ametaja majina ya wengine ili wengine wakutane: nakupa Tanga, nakupa Moshi, ongea sasa. Leo zamu ilikuwa yake. Aliyemchimbia alikuwa nyuma yake, anakohoa vumbi lisilotoka. Aliyemnywesha alikuwa kando yake, hana mtende. Akafumbua mdomo.

Akalitamka. Jiwe likaondolewa, maji yakaruka birikani, watoto wakapiga kelele, na mkomamanga ule mnaodhani ulikufa ulichipua kabla mwaka haujageuka. Jina hilo linatajwa kila asubuhi hadi leo. Mimi nalijua. Lakini koo langu limekauka kwa kusema, na sitalitoa mpaka ninyi mnipe la kwenu, na mgombane kwanza.

Mmoja alisikia ambacho hakuna aliyesikia. Mmoja alichimba asichokiamini. Mmoja alitoa alichokuwa nacho, hakubakiwa na kitu. Je, nani alistahili? Na wewe unayejibu harakaharaka, ungepiga magoti pale, sikio lako juu ya jiwe na maji yanabisha hodi, ungelitamka la nani?