Dereva Haoni Giza la Nyuma

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, tone baada ya tone, na alfajiri ilikuwa bado. Nilidhani wajukuu wangu wamelala. Kumbe Mbonea alikuwa ameketi kitandani, anasikiliza.

“Bibi, paa linavuja tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka jana, baba.”

“Na kila Jumapili nikikupigia simu unaniambia hujambo!”

“Sijambo. Linalovuja ni paa.”

Dada yake, Nakundwa, akacheka ndani ya blanketi. “Kaka, dereva haoni giza la nyuma.”

“Umeanza! Maneno hayo umeyaokota wapi?”

“Jana sokoni. Wauza tangawizi walikuwa wanamwambia mwenyekiti wa kijiji. Bibi, yametoka wapi?”

Nilikoka moto, nikawaambia wasogee. Mimi najua yalikotoka, kwa sababu nilikuwamo ndani ya giza lenyewe.

Dereva haoni giza la nyuma. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu milimani palikuwa na kijana aitwaye Elisaria, mwenye pikapu ya kubebea tangawizi. Nyuma aliifunika kwa bati pande zote, asiache hata dirisha, ili mzigo usiloe. Ukifunga milango yake mchana wa jua kali, ndani huoni kiganja chako. Gari jingine hatukuwa nalo, kwa hiyo hata wagonjwa na waja wazito waliteremshwa hospitali kwa pikapu hiyo hiyo, wamelazwa kwenye godoro juu ya magunia matupu.

Mtoto wa kwanza wa Elisaria na mkewe Nakijwa alizaliwa humo humo njiani, gizani. Alikabwa na kamba ya kitovu shingoni, na hakuna aliyeona. Walipofungua milango huko chini, mtoto alikuwa ameshakufa. Tangu siku hiyo Nakijwa hakuweza kulala bila taa. Alipopata mimba ya pili, alikuwa akilitazama lile gari kama mtu anayetazama kaburi.

Elisaria hakumcheka wala hakumkaripia. Alishuka mjini akarudi na utepe wa taa za LED, zile taa ndogo ndogo zilizopangwa kama shanga. Siku nzima alilala chali ndani ya pikapu, anapima, anakata, anabandika kuzunguka paa. Mbele ya utepe aliweka ubao mwembamba, ili mwanga usimchome machoni mtu aliyelala. Kisha akatoboa tundu kwenye bati, akapitisha waya hadi mbele, akafunga swichi karibu na usukani. Ukiiwasha, swichi yenyewe ilitoa kitaa chekundu.

“Mbona swichi umeiweka mbele?” nilimuuliza.

“Mama, mgonjwa asisumbuke kunyanyuka. Nitamwashia mimi.”

Nakijwa aliingia, milango ikafungwa, taa zikawashwa. Alikaa humo kitambo. Alipotoka, uso wake ulikuwa umekunjuka. Nilimpenda sana yule kijana siku ile.

Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha na ukungu umeshuka. Waliniomba nimsindikize, maana nilikuwa nimepokea watoto wengi ingawa ukunga sikuusomea. Simu yangu nilimpa Elisaria, awapigie watu wa hospitali akipata mtandao. Akafunga milango mvua isiingie. Taa zikawaka, nyeupe, tulivu. Nakijwa akanishika mkono, tukaondoka.

Kwenye kona za mawe pikapu iliruka, ikaruka tena, na taa zikazimika.

Nakijwa alipiga ukelele. “Mama, ni hapa! Ni hapa alipofia mwenzake!”

“Nipo, mwanangu. Huu ni mkono wangu.”

Nikagonga bati kwa ngumi. Nikagonga tena na tena. Nakijwa naye akapiga kwa miguu. Badala ya kusimama, pikapu ikaongeza mwendo.

Ndipo nikakumbuka desturi ya wapakiaji wa tangawizi. Aliye nyuma akigonga bati mara moja, maana yake simama. Mara mbili, twende. Akigonga mfululizo, anasema kimbiza, mvua itatuwahi. Kwa ngumi zetu wenyewe tulikuwa tunamwambia akimbize, kwenye utelezi, na korongo liko kando ya barabara.

Nikapapasa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka. Shingoni vidole vyangu vikagusa kitovu, kimemzunguka na kukaza. Kila nilipojaribu kupenyeza kidole, kona ilitutupa upande.

“Nakijwa, nisikilize. Usisukume, na usipige bati tena.”

“Mama, siwezi!”

“Utaweza. Nitagonga mara moja tu, halafu tutulie. Ukipiga hata teke moja, atajua tunasema twende.”

Akanyamaza. Watu husema wameona ushujaa. Mimi ule sikuuona, niliusikia tu, meno yake yakisagana gizani.

Nikagonga. Mara moja.

Pikapu iliendelea kwenda. Nikasikia jerikeni letu la maji likibingirika kuelekea kwenye bati, nikalizuia kwa goti kabla halijagonga. Nikasali bila kufungua kinywa. Kisha breki zikalia.

Milango ilipofunguka, mchana uliingia pamoja na mvua. Uso wa mtoto ulikuwa wa zambarau. Nikapenyeza kidole, nikakilegeza kitovu, nikakivusha juu ya kichwa. “Sukuma sasa, mwanangu!” Mtoto akatoka, kimya. Nikamsugua mgongo kwa kanga. Kimya. Nikamsugua tena, naye akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Elisaria alikuwa ametandaza koti lake juu yetu, yeye mwenyewe analowa.

“Mlivyogonga sana nilidhani mnasema nikimbize,” alisema. “Na taa nilijua zinawaka! Njoo uone, mama, kitaa changu hata sasa kinawaka!”

Ilikuwa kweli. Kingo za lile tundu la bati zilikuwa zimeukata waya, kwa sababu alisahau kuuvika mpira pale unapopita. Kwetu nyuma ni giza tupu, na kwake mbele kitaa chekundu kinamwambia mambo yote ni mazuri.

Nakijwa alimtazama, mtoto yuko kifuani. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo:

“Elisaria, dereva haoni giza la nyuma.”

Tulipotoka hospitali, Nakijwa na mtoto wakiwa wazima, Elisaria alimpa kijana mwenzake usukani. Akajilaza kwenye lile godoro, akasema milango ifungwe na apitishwe kona zote za mawe, taa zimezimwa. Aliteremka anatoka jasho, akakaa chini barabarani. Halafu akauvika waya mpira, akahamishia swichi nyuma, pale mkono wa aliyelala unapofika. Akakata na kidirisha kati ya mbele na nyuma. Tangu hapo, kila kona alikuwa anapaza sauti: “Jamani, mnaonaje huko?” Na hadithi hii aliisimulia yeye mwenyewe kwa wapakiaji, bila kuona haya, mpaka maneno ya mkewe yakawa ya watu wote.

Nilipomaliza, kulikuwa kumeshapambazuka. Mbonea alikuwa analitazama beseni, limejaa hadi ukingoni. Akanyanyuka, akalimwaga nje, akarudi kuuliza ngazi iko wapi. Alishinda juu ya paa hadi jioni, na Nakundwa chini akimshikia ngazi na kumtania.

Asubuhi ya kuondoka Mbonea alinikumbatia. “Bibi, sasa nitapiga simu kila siku.”

“Piga, baba, nitapokea. Lakini dereva haoni giza la nyuma. Njooni tena.”